Tumbo la Mama, Nyonga za Shangazi: Umbile Tunalorithi



Mfungo Mosi ukiingia, sisi mafundi hatulali. Mabiharusi wanakuja na mama zao, makungwi na mawifi, kila mmoja ana picha ya gauni kwenye simu. Futi haijakunjuliwa, mashtaka yameshaanza. Huyu anauliza, "Dada, tumbo hili utalificha vipi?" Mwengine anataka tumshonee sponji za kujazia makalio. Na wapo wanaofunga mfululizo bila daku, si kwa ibada bali ili gauni liingie.

Sisi ni ndugu wawili. Tunashona pamoja tokea tulipomaliza chuo cha ushonaji, na madaftari yetu ya vipimo yana zaidi ya miaka kumi. Kuna koo tumepima bibi, mama na mabinti. Ukifungua kurasa zao utaona: mama ana nyonga pana na kiuno chembamba, na mabinti wako vivyo hivyo, hata yule aliyekonda. Nyumba nyengine wote wana miguu myembamba na tumbo liko mbele. Binti anaweza kuwa mwembamba kuliko mama yake kwa mbali, lakini kile kidogo alichonacho kimekaa pale pale alipokiweka mama.

Kwa hivyo tulipoanza kusoma habari za jeni na mafuta ya mwili, hilo la kurithi halikutushangaza. Kilichotukalisha kitako ni kwamba mahali mafuta yanapokaa panaweza kutuhusu kiafya kuliko hata kilo zenyewe.

Si habari mpya. Mwaka 1947 daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, Jean Vague, aliandika kwamba wagonjwa wake wenye unene wa juu, wa tumboni, ndio waliokuwa wakipata kisukari na maradhi ya mishipa ya damu, kuliko wale wenye unene wa nyonga na mapaja. Baadaye sana zikaja jeni. Mwaka 2015 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu zaidi ya 220,000, wakatazama uwiano wa kiuno na nyonga. Walikuta sehemu 49 kwenye vinasaba zinazohusika na umbile hilo. Sehemu 20 kati ya hizo hazifanyi kazi sawa kwa wanawake na wanaume, na 19 zina nguvu zaidi kwetu sisi wanawake. Wengi wa waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na hilo halitufurahishi, maana damu ya visiwa hivi imechanganyika na ingekuwa na mengi ya kusema.

Jeni moja imetuvutia kuliko zote. Inaitwa KLF14. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama, lakini inayofanya kazi ni ile ya mama tu. Kuna aina yake ambayo kwa wanawake huyatoa mafuta nyongani na kuyapeleka tumboni, huzifanya seli za mafuta ziwe kubwa, na hupandisha hatari ya kisukari cha aina ya pili, zaidi kwa binti aliyeirithi kwa mama yake. Kaka yake hapati athari hiyo kama yeye. Tulisoma hapo mara mbili, tukatazamana.

Na kwa nini nyonga ziwe salama na tumbo liwe hatari? Mafuta ya nyonga na mapaja yamo chini ya ngozi, na kazi yake ni kuhifadhi. Ni ghala. Ghala likiwa dogo, chakula kinachozidi hutafuta pengine pa kukaa: kuzunguka matumbo, ndani ya ini, hata kwenye misuli. Mafuta ya ndani ya tumbo humwagika kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Insulini inaanza kushindwa kazi, na sukari, presha na mafuta ya damu hupanda. Kuna koo chache duniani zenye hitilafu kwenye jeni iitwayo LMNA. Wanawake wao, kuanzia kubalehe, hupoteza mafuta ya mikono na miguu. Ukiwaona utasema wanamazoezi, kumbe wengi wao hupata kisukari mapema. Ghala limeondolewa.

Msimu mmoja walikuja mabiharusi wawili wiki moja. Wa kwanza ni mnene, nyonga inchi 42, kiuno inchi 31. Alilia kwenye chumba cha kupimia kwa maneno ya wifi yake. Wa pili kila mtu alimsifu kwa wembamba, nyonga inchi 36, kiuno inchi 32. Gawanya kiuno kwa nyonga: wa kwanza anapata 0.74, wa pili 0.89. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke akifika 0.85 hatari ya maradhi hayo imepanda. Mama wa huyu wa pili anachoma insulini. Tulimwita mama pembeni, tukamwambia kwa adabu, na hakuchukia. Binti alipopimwa sukari asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.6. Bado si kisukari, lakini mlango umeshafunguliwa. Na hakuna aliyewahi kumwambia apime, kwa sababu ni mwembamba.

Yule aliyekuwa akilia tulimshonea bila kuficha kitu.

Tuseme na hili la dawa. Wasichana wengine wanameza vidonge vya jamii ya deksamethasoni ili wanenepe, wakitaka makalio. Dawa hizo hupeleka mafuta usoni na tumboni na kupandisha sukari. Yaani unalipa pesa kununua umbile lile lile unalolikimbia! Mkanda wa tumbo nao unabana kwa saa za sherehe tu. Kanga ya uzazi inategemeza mgongo na tumbo, tunaipenda, lakini haifiki kwenye mafuta yaliyozunguka matumbo.

Jeni haziandiki kila kitu. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayotii haraka ukitembea kwa miguu kila siku, na yanaweza kupungua hata kabla mizani haijaonesha kitu. Ya mapaja ni magumu kuondoka, basi yaachwe yakae. Mama zetu wanaokaribia kukoma hedhi wajue pia kwamba homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta huhama kutoka nyongani kuja tumboni, hata kwa aliyekuwa na nyonga maisha yake yote.

Kupima nyumbani ni rahisi, ila usipime kama fundi. Sisi wa gauni tunatafuta pale palipo pembamba zaidi. Kwa afya, futi inapita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, umesimama, umeshatoa pumzi, na tumbo halivutwi ndani. Nyonga pima palipo papana zaidi. Kiuno kikizidi sentimita 80, yaani kama inchi 31 na nusu, na nyumbani kuna mwenye sukari, nenda kituo cha afya asubuhi hujala kitu, wakutoe tone la damu kidoleni. Nenda kabla ya singo na hina, maana wiki ile ya harusi hamna atakayekupa nafasi ya kutoka.