Magokoro yumo ndani, na bado yuko nje

Wasee, wikendi nilikuwa nyumbani Kebirigo. Magokoro akaniita: "Mjukuu wangu, niwekee namba yangu mpya kwa ile akaunti."

Nikajua ni kazi ya dakika mbili. Nikabonyeza "badilisha namba". Mfumo ukajibu: tumetuma namba ya siri kwa simu yako. Simu gani? Ile laini ya zamani alipoteza kitambo. Tulipoipigia, akapokea mtu wa Mombasa! Yaani siri ya magokoro imemfikia mgeni.

Tukaenda saiba. Jamaa akasema, "Fungua akaunti mpya tu." Mfumo ukakataa: kitambulisho hiki tayari kimesajiliwa. Jaribu alama za vidole? Miaka ya kuchuma majani chai imezichakaza, mashine haizioni.

Tatizo letu si kusajili. 2019 tulipanga foleni ya Huduma Namba. 2022 tukaambiwa tuhakikishe laini zetu upya. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na wanachama wa zamani wakajisajili tena. Mlango wa kuingia tunaujenga kila mwaka. Wa kurekebisha mambo ukishaingia, tunausahau. Lakini watu hupoteza simu, huolewa, huhama, huzeeka.

Magokoro aliniuliza, "Kwani hiyo mashine haijui ni mimi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo leo, kabla hujatupa laini yoyote, badilisha namba kwanza. Halafu mpigie nyanya yako, umuulize yake iko wapi.