Kiraka Kisichojaribiwa ni cha Nani?

Katika programu huria kuna kazi moja inayoonekana ndogo: kuchukua rekebisho lililoandikwa kwa ajili ya toleo jipya na kulipeleka katika toleo la zamani ambalo watu bado wanalitumia. Wenyewe huiita bakipoti. Mimi ninayesomea kompyuta na kujifunza Kiswahili hapa Kampala, nimekuwa nikijiuliza: kazi hiyo ikifanywa bila kujaribiwa vya kutosha, ikaharibu mali ya mtu, nani aulizwe?

Swali hili kwangu si la darasani. Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha mafundi cherehani 26. Hesabu zao zimo katika kompyuta mpakato kuukuu yenye Debian. Zamani walitumia programu waliyoinunua kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Siku moja ilijisasisha, mikopo ya watu wanne ikatoweka, na simu ya kampuni ikawa haipokelewi. Ndipo nikaombwa nitafute kitu kingine, nami nikasifia Debian kwa sababu toleo lake kuu huitwa thabiti.

Tarehe 9 Desemba 2023, Debian walikuwa wanatoa toleo la 12.3. Siku hiyohiyo wakasimamisha kazi na kuwaonya watu wasisasishe mashine zao, hasa wale ambao mashine zao hujisasisha zenyewe. Kerneli iliyokuwa ndani yake, 6.1.64, ilikuwa na kasoro iliyoweza kuharibu data katika ext4, yaani ule mpangilio wa faili unaotumika katika mashine nyingi za Linux. Desemba ndio mwezi ambao kikundi cha shangazi hugawana akiba. Nilimpigia simu nikamwomba asiiwashe mashine hadi nimwambie.

“Nani amekwambia?” akauliza.

“Ni wao wenyewe walioitengeneza, Shangazi.”

“Basi hao ni watu,” akasema, na mashine ikabaki imezimwa. Kesho yake, tarehe 10, toleo la 12.4 likatoka likiwa na kerneli iliyorekebishwa.

Baadaye alitaka kujua kilichotokea, nami nikamweleza kwa lugha ya kazi yake. Mtu alishona mkono mpya wa gauni, akaushona vizuri. Lakini mkono ule ulikatwa kwa kufuata bega lililokwisha kubadilishwa katika gauni jipya. Mtu mwingine akauchukua mkono peke yake akaushona kwenye gauni la zamani, ambalo bega lake halijaguswa. Sindano ilipita na uzi haukukatika. Kasoro ilionekana gauni lilipovaliwa. Ndivyo ilivyokuwa: rekebisho la ext4 lilitegemea badiliko jingine lililoingia katika kerneli 6.5, na badiliko hilo halikuwamo katika 6.1. Mahali pa kuandikia ndani ya faili pakahesabiwa vibaya katika aina fulani ya uandishi wa moja kwa moja kwenye diski.

Sasa tumtafute mwenye kosa. Aliyeandika rekebisho hakukosea, kwani katika kerneli mpya lilifanya kazi. Wanaotunza matoleo ya zamani hupokea viraka kwa mamia, na kwa kawaida toleo la majaribio hutangazwa ili wengine walipime kwa takriban saa 48 kabla ya kutolewa. Debian nao walipokea kerneli kutoka kwa watu ambao kazi yao ni kutoa kerneli thabiti. Kila mmoja alimwamini aliyemtangulia. Wa mwisho katika mstari huo ni shangazi yangu, ambaye hajui hata kwamba kuna mstari.

Leseni ya kerneli, GPL toleo la 2, imesema wazi kwamba programu haina dhamana. Wenzangu darasani husema hapo mjadala umekwisha: umepewa bure, ukiumia ni shauri lako. Sikubaliani nao. Nilipomweleza shangazi habari ya leseni alicheka. Alisema kuna mafundi wanaobandika ukutani kwamba nguo ikiharibika si shauri lao, na mteja bado hurudi na nguo yake mkononi. Leseni inajibu swali la mahakamani tu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Debian wana hazina yao maalumu ya bakipoti, iliyokuwa nje ya mradi na kufanywa rasmi mwaka 2010. Humo wanasema waziwazi kwamba programu hizo hazijapimwa kama zile za toleo thabiti. Hazijiingizi zenyewe pia. Lazima uichague kila moja kwa mkono wako. Anayechukua kutoka humo ameonywa, na nadhani ni haki abebe sehemu ya mzigo. Lakini kiraka cha kerneli 6.1.64 kilipita mlango mwingine kikiwa kimevaa jina la uthabiti, na katika mashine nyingi kilikuwa tayari kuingia usiku bila kumwuliza mtu. Kwa maoni yangu, kadiri unavyomwondolea mtumiaji nafasi ya kuchagua ndivyo mzigo wake unavyohamia kwako, uwe unalipwa au hulipwi.

Hata hivyo siwezi kuwaweka pamoja na ile kampuni ya simu isiyopokelewa. Hitilafu iliandikwa hadharani, kila mtu aliweza kusoma kiraka kipi kimekosa mwenzake, na onyo lilitufikia kabla ya hasara.

Tangu mwaka ule nimeweka mashine ya pili, mbovu kuliko ya kwanza, inayopokea masasisho wiki moja kabla ya ile ya kikundi. Ninafungua nakala ya hesabu humo, ninajumlisha, ninalinganisha. Mara moja nimekuta programu ya kuchapisha imegoma baada ya sasisho, nikawaandikia wanaoitunza, nao wakanijibu wakitaka maelezo zaidi. Shangazi aliuliza kama ninalipwa kwa kazi hiyo. Nikamwambia silipwi. Yeye daftari lake la karatasi bado analijaza kila Jumamosi, na amekataa katakata kuliacha.