Ukurasa wa kushoto ni wa mwanafunzi

Tumesharudi Iringa, baridi ni ile ile, na kila ninayekutana naye njiani hapa Mkwawa anauliza TP ilikuwaje. Ya chumba cha kupanga na maji ya kuchota nitayasema siku nyingine. Leo naongelea madaftari.

Nilipangiwa Biolojia kidato cha pili, shule moja ya kata, watoto 62 darasa moja. Siku ya kwanza nikaomba madaftari nione wamefikia wapi. Jamani! Madaftari 62, maandishi yale yale, neno kwa neno. Herufi iliyokosewa ubaoni imekosewa na wote. Ukimuuliza mtoto usanisinuru ni nini anakusomea sentensi ya Kiingereza kama anaimba kwaya, ukimwambia aeleze kwa maneno yake anaangalia chini.

Nikaamua kujaribu lile daftari shirikishi tuliloligusa juu juu kwenye kozi ya mbinu. Wazo lenyewe halina makuu. Ukifungua daftari una kurasa mbili. Wa kulia ni wa mwalimu: notsi, maana ya maneno, hatua za jaribio. Wa kushoto ni wa mwanafunzi, na pale hanakili kitu. Anachora, anaeleza alichoelewa, anaandika alichokiona kwenye jaribio, anauliza. Walimu wa Marekani wanalipenda sana, ya kwao yana vikaratasi vya rangi vya kukunja na kubandika. Mimi mkasi ulikuwa mmoja, nao ni wa kushonea wa mama mwenye nyumba. Kwa hiyo hakuna kubandika, tunachora kwa penseli.

Kipindi kizima cha kwanza kiliishia kwenye kuhesabu. Kila mtu kaunta buku yake, namba kila ukurasa, kurasa nne za mwanzo zimeachwa kwa ajili ya yaliyomo. Usidharau hili la namba. Ukisema "fungueni ukurasa wa 14" na wote 62 wakafungua kitu kimoja, umeokoa dakika tano kila siku.

Wiki ya kwanza kushoto kulibaki kweupe. Wiki ya pili watu saba wakaandika swali moja lile lile, yaani wamenakiliana hadi maswali! Sikugombana nao, nikaandika chini yake tu: "Ongeza la kwako." Nikatangaza pia kwamba kushoto sikati maksi, na Kiswahili ruksa.

Hapo ndipo mambo yakaanza. Kuna binti anakaa nyuma karibu na dirisha, sijawahi kumsikia sauti. Tulikuwa tumesoma kwamba jani linatengeneza chakula kwa msaada wa klorofili, ile rangi ya kijani. Kushoto kwake akaandika: "Mchicha mwekundu wa kwetu hauna kijani, mbona haufi njaa?"

Nililisoma usiku nikacheka peke yangu. Kesho yake nikalipeleka darasani bila kutaja mwenyewe. Tukapata majani ya mchicha mwekundu yaliyokaa juani tangu asubuhi, jiko la mkaa na sufuria. Yalipochemka maji yakawa kama juisi ya rozela, na jani likatoka KIJANI. Darasa lilipiga kelele hadi mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Rangi nyekundu inayeyuka kwenye maji, klorofili haiyeyuki, ilikuwepo muda wote imefunikwa tu. Tukatoa jiko nje kwanza, maana spiriti na moto haviko pamoja, tukaweka jani kwenye spiriti ndani ya maji ya moto, kijani nacho kikatoka. Tukasuuza, tukadondoshea aidini, likageuka bluu nyeusi. Wanga upo. Yule binti hakusema neno, ila alichora hatua zote, na sufuria akaipaka rangi.

Siku mbili baadaye mwalimu wa taaluma akaniita. "Madam, haya madaftari yana Kiswahili. Mtihani watafanya kwa Kiswahili?" Msimamizi wangu kutoka chuo alikuwa anakuja wiki ile ile, tumbo likanicheza. Na hoja yake si ya kupuuza. Upimaji wa kidato cha pili ni kwa Kiingereza, na atakayefeli ni mtoto, si mimi niliyerudi zangu chuo. Lakini mtoto huyu amefundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Ukimwambia aulize kwa Kiingereza tu, hataacha Kiswahili. Ataacha kuuliza.

Nikamkumbusha habari ya Erasto Mpemba, maana sisi wa Mkwawa hiyo ndiyo fahari yetu. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa wa moto umeganda mapema kuliko wa mwenzake. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa. Akabaki na swali lake kichwani mpaka alipofika Mkwawa, enzi hizo ni sekondari, akamuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam aliyekuja kutembelea. Wenzake walicheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishania jambo hilo mpaka leo.

Mzee akaguna. Tukakubaliana: swali linaanza kwa lugha yoyote, kabla ya wiki kuisha mwenyewe analiandika tena kwa Kiingereza chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine. Kusema kweli imetoka bora kuliko nilivyopanga. Msimamizi alifungua madaftari matatu, akasoma kushoto tu.

Kazi ipo lakini, nisiwadanganye. Nilikuwa nasoma madaftari 12 au 13 kila usiku ili yote yaishe ndani ya wiki, na kila moja nalijibu japo mstari mmoja. Ukiacha kujibu wiki moja tu, kushoto kunakuwa kweupe tena. Mwalimu mwenye darasa nilipomkabidhi aliniambia "tutaona."

Nyie wa Kemia na Hisabati mliokuwa na watoto zaidi ya mia, mngefanyaje? Nami nikipangiwa mia mwakani nijue pa kuanzia.