Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi? Hebu Tuone

Saa nane usiku, ndani ya hema jipya kabisa, tone la maji liliniangukia sikioni. Nikajigeuza. La pili likaniangukia shavuni. Nilipowasha tochi ya simu niliona maji yakitiririka kwenye mishono ya paa kama jasho, na pale pembeni kidimbwi kimeshaufikia mfuko wa kulalia wa mwenzangu.

Tulikuwa Hell's Gate, kule Naivasha, mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamechacha. Klabu yetu ya kupanda milima ilikuwa imeenda kulala huko usiku mmoja. Sisi wasichana wanne tulikuwa tumechoka kukodi mahema kila safari, tukaamua kununua letu. Kila mmoja alitoa shilingi 2,800 kutoka kwa pesa za HELB, jumla ikawa 11,200. Komredi yeyote anajua 2,800 ni chakula cha siku ngapi. Mimi ndiye niliyetumwa mjini kununua, kwa sababu nasomea ualimu wa Jiografia na Kiswahili, eti najua mambo ya milima, na kwa sababu waliniamini na pesa. Hiyo sababu ya pili tutairudia.

Basi tukajaribu kutoka. Zipu ya mlango ikasonga kidogo, ikakwama. Nikaivuta, meno yakaachana juu lakini chini pakabaki pamefungwa. Wakati huo mmoja wetu, ambaye ana pumu, alikuwa ameanza kupumua kwa sauti ile ya filimbi. Alilala kwenye maji bila kujua, na baridi ya Naivasha usiku si mchezo. Nilishika ile zipu kwa mikono miwili nikairarua. Tukamtoa, tukampeleka kwenye hema la wavulana, tukamketisha wima, akatumia inhela yake. Baada ya dakika kama ishirini akatulia. Hatukuhitaji hospitali, lakini zile dakika ishirini sijazisahau. Nilikuwa nimemshika mgongo nikihesabu pumzi zake, na nikijiambia kwamba hili hema ni mimi niliyelichagua.

Kesho yake, kwenye matatu ya kurudi, mwenzetu mmoja aliuliza kwa upole tu, akiangalia dirishani: "Kwani hilo hema ulinunua ngapi kweli?"

Nikamwonyesha ujumbe wa M-Pesa, 11,200. Akausoma, akanirudishia simu. "Sawa. Lakini M-Pesa inaonyesha ulilipa ngapi. Haionyeshi ulirudishiwa ngapi."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenitetea pia. Nchi yetu imezoea hadithi za mweka hazina aliyekula pesa, na hapo ndani ya matatu nikaona jinsi hadithi hiyo inavyoanza kumvaa mtu.

Jumatatu asubuhi kila mtu alikuwa na ushauri. Ushauri uliopata kura nyingi ulikuwa huu: "Sema mlilifungua tu chumbani, mkaona limeharibika. Ukikubali mmelitumia, umeisha." Nikakubali. Nililipangusa hema, nikalianika nyuma ya hosteli, nikalikunja vizuri, nikalirudisha kwenye mfuko wake.

Dukani, juu ya kaunta, kuna kibandiko kikubwa: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Siku ya kununua hata sikukiona. Siku hiyo kilikuwa kama kimeandikwa kwa ajili yangu. Mwenye duka, mama wa makamo, alinisikiliza. Nikamweleza hadithi yangu ya chumbani. Hakusema kitu. Alichukua ule mfuko, akaupindua, akautikisa juu ya kaunta. Likamwagika vumbi la kijivu, na ndani ya vumbi kikaruka kijiwe cheusi kinachong'aa kama kioo.

Mimi ni mtu wa Jiografia. Kile kijiwe nilikijua. Ni obsidiani, mwamba wa volkano iliyopoa haraka, na Hell's Gate umejaa.

"Msichana wangu," akasema yule mama, "siku hizi hosteli zenu zina mawe?"

Kijana wa dukani akacheka hadi akashika meza. Mimi nilibeba hema langu nikatoka bila kuaga. Mwezi uliofuata nilikuwa niende mazoezi ya kufundisha, nisimame mbele ya watoto wa watu niwaambie udanganyifu kwenye mtihani haufai.

Jioni hiyo nilifanya kile ambacho ningefanya mwanzo. Nilimtafuta komredi mmoja anayesomea sheria, akanionyesha pa kusoma, nikaketi maktaba hadi ikafungwa. Nitawaeleza nilichokipata kwa lugha yangu, kwa maana mimi si wakili.

Kwanza, Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili azitumie vizuri, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au kuumia kwa sababu ya kasoro ya bidhaa. Nilishangaa. Nilidhani Katiba ni mambo ya uchaguzi na magavana.

Pili, kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya zamani sana, iliyofuata mfano wa sheria ya Waingereza. Kila ununuzi unabeba masharti ambayo hata msipoyaandika yapo. Ukimweleza muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, na ni biashara yake kuuza vitu hivyo, basi kitu hicho lazima kifae kwa kazi hiyo. Hapo nikakumbuka. Siku ya kununua nilimwambia yule kijana, "Tunaenda kulala nje mwezi wa nne, nataka lisiloingiza maji." Naye akanijibu, "Siste, hili hata El Nino haliingii." Mazungumzo yale ya sekunde tano, niliyodhani ni maneno tu ya kuuza, ndiyo yaliyokuwa msingi wa haki yangu.

Tatu, kile kibandiko. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inasema sharti lolote linalojaribu kufuta zile ahadi za ubora ni batili. Kwa hiyo kibandiko kina kazi yake, lakini ni ndogo. Ukinunua hema la bluu, kisha ukaamua unapenda la kijani, hapo kibandiko kimekushinda. Kubadili nia si kasoro. Vilevile ukinunua mtumba, muuzaji akakuonyesha tundu, ukaliona na ukalipa, usirudi kulia kwa sababu ya tundu hilo. Lakini kasoro iliyojificha, ambayo usingeiona ukilikagua hema dukani, kibandiko hakiigusi.

Nne, na hili ndilo lililoniuma, kulitumia hema hakukuwa kumenifunga mdomo. Mshono unaovuja utaujuaje bila mvua? Mnunuzi anapewa nafasi ya kutosha ya kukikagua kitu kabla ya kuhesabiwa kwamba amekikubali. Kwa hiyo ule uongo wangu haukuwa na kazi. Ukweli ndio uliokuwa na nguvu, na mimi nikaenda nikautupa, nikabeba uongo wenye vumbi la volkano ndani.

Nadhani wengi wetu tunafanya hivyo. Kwa kuwa hatujui haki yetu, tunaenda dukani kama watu wa kuomba, na mwombaji akiona hatapewa hutunga hadithi. Kisha muuzaji akishika uongo mmoja, anapata sababu ya kukataa hata lile la kweli.

Jumatano nikarudi. Nilianza na pole. "Mama, juzi nilikudanganya. Tulilitumia usiku mmoja, Naivasha, likavuja na zipu ikakwama. Mwenzetu ana pumu, karibu tumpoteze. Naomba unisamehe kwa uongo, lakini hema bado ni bovu." Kisha nikatoa karatasi moja niliyoiandika kwa mkono: tarehe ya kununua, kiasi nilicholipa na namba ya ule ujumbe wa M-Pesa, niliyoyaomba, niliyoyaambiwa, kilichoharibika, na ninachotaka, yaani pesa zangu. Nikampa nakala, nyingine nikabaki nayo.

Aliisoma mara mbili. "Na mimi nilinunua kwa mwenye jumla. Si mimi niliyelishona."

Nikamwambia najua, na kwamba yeye pia ana haki ya kumfuata mwenye jumla. Ila mimi sikumlipa mwenye jumla, nilimlipa yeye. Nilikuwa natetemeka, lakini nilisema. Nikaongeza kwamba sitaki kufika mbali, ingawa ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60.

Akamwita yule kijana. "Lete maji." Wakalitandaza paa la hema juu ya ndoo tupu, wakamimina maji ya birika kwenye mshono. Hatukungoja. Tone, tone, tone, ndani ya ndoo. Yule kijana hakucheka safari hii. Mama akamtazama. "Wewe ndiye ulisema El Nino?"

Alinirudishia 10,000. Zile 1,200 akazikata kwa sababu ya zipu, akisema niliirarua kwa mikono yangu. Nilitaka kubishana, kwa maana nisingeirarua kama isingekwama. Pengine mahakamani ningeshinda hata hizo. Lakini niliwapigia wenzangu pale pale, tukakubaliana watatu kwa mmoja. Kila mmoja akatumiwa 2,500 kabla sijapanda matatu, na ujumbe wote nikauweka kwenye kundi letu la simu. Yule aliyeniuliza swali alijibu "Asante". Hajawahi kuligusia tena, nami sijamuuliza. Najua tu kwamba sasa nikinunua kitu cha watu huwa naomba risiti ya karatasi, hata kama ni cha shilingi mia.

Komredi, mwezi huu wengine wenu mtanunua mabegi, viatu vya mlima, vijiko vya gesi na tochi za safari. Sema unataka kitu kwa kazi gani, na useme mbele ya shahidi. Weka ujumbe wa malipo na risiti pamoja. Kitu kikiharibika, kipige picha siku hiyo hiyo, acha kukitumia, na urudi mapema. Mwenye duka akikataa kabisa, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Na usitunge hadithi.

Wiki iliyopita tulinunua hema lingine, duka lingine. Kabla ya kwenda popote tulilisimamisha kwenye nyasi nyuma ya hosteli, tukalimwagia ndoo tatu za maji huku askari wa geti akitushangaa. Mwenzetu mwenye pumu ndiye aliyejitolea kukaa ndani. Baada ya ndoo ya tatu tukanyamaza tukisikiliza.

"Bado kukavu," akapaza sauti. "Leteni nyingine."