Siku 88 Bila Ligi: Binti wa Kisondela, Babu Yake wa Yanga na Mechi ya Sokoine Ambayo Hakwenda

Kuna watu wakisikia "corona" wanakumbuka barakoa, malimao na ndoo za maji tiririka mlangoni. Kuna wengine wanakumbuka kitu kimoja tu: Jumamosi isiyo na mpira. Binti mmoja wa Kisondela, kule Rungwe, yuko kwenye kundi hili la pili, na hata leo ukimgusa hapo anaongea mpaka chai inapoa.

Tuwekane sawa kwanza kwenye tarehe, maana bila tarehe stori hii hainogi.

Machi 8, 2020, Yanga waliifunga Simba bao 1-0 Uwanja wa Taifa, faulo ya Bernard Morrison, Rais Magufuli akiwa jukwaani. Siku tisa baadaye, Machi 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko, michezo ikiwemo. Ilisemwa siku 30. Zikaongezeka. Ligi ilikuja kurudi Juni 13. Piga hesabu: siku 88.

Sasa binti ni Simba damu. Babu yake ni Yanga. Umeona shida ilipo? Ligi ilisimama babu akiwa mbele. Mzee alikuwa na bao moja mfukoni na hakuna mechi nyingine ya kulirudisha. Kwa miezi mitatu alikuwa bingwa wa nyumba ile bila kucheza.

Binti mwenyewe ni mtu wa mishe. Anauza mitumba Mwanjelwa, Mbeya mjini, viatu vya kike na magauni. Aprili ilipofika wateja wakawa wa kuhesabu kwa vidole, kodi ya chumba inadai, akaona bora arudi kijijini kwanza, angalau huko ndizi haziombi bando. Nyumbani Kisondela alimkuta babu peke yake, umri umepita sabini, kifua chake si kizuri tangu zamani, na mvua za Rungwe unazijua, hazina adabu. Redio ikawa kimya mezani.

Kimya hicho ndicho kilichomshangaza. Kumbe yeye na babu walikuwa hawana maongezi mengine! Miaka yote, kila akipiga simu kutoka mjini, salamu ilikuwa nusu dakika, halafu mpira. "Shikamoo babu." "Marahaba, mmeona walivyowapiga?" Basi, hapo dakika ishirini zimekwisha. Sasa wamekaa benchi moja, wanakula ndizi sahani moja, na hakuna cha kubishania. Habari za corona babu alikuwa hazitaki. Za marehemu bibi, binti ndiye aliyekuwa hazitaki. Wakabaki kuangalia mvua.

Vijiweni hali ilikuwa hiyohiyo. Kibanda umiza kilifungwa, mabenchi yakaanikiwa mahindi. Washkaji waliozoea kupanga mikeka wakahamia ligi ya Belarus, moja ya chache duniani zilizokuwa bado zinachezwa, wakawa wanabeti timu ambazo hata kuzitamka ni kazi. Mtu anashangilia bao lililofungwa Minsk, yuko chini ya mgomba! Kicheko, lakini ukikitazama vizuri ni kicheko cha mtu mwenye njaa.

Na haikuwa Bongo tu. Australia wana mpira wao wa aina yake, unachezwa kwa mikono na miguu kwenye uwanja mkubwa wa duara refu, na watu wa Melbourne wanaupenda kama huku tunavyougua Simba na Yanga. Ligi yao walicheza raundi moja tu, viwanja vitupu, kisha Machi 22 ikafungwa. Ilirudi Juni 11, Collingwood na Richmond, kwenye uwanja wa MCG unaobeba watu kama laki moja, na siku hiyo hakukuwa na shabiki hata mmoja. Matokeo? Sare, 36-36. Hebu fikiria: unasubiri miezi karibu mitatu, mechi inarudi, uko nyumbani mbele ya tivii, na mwisho wa yote hakuna mshindi wa kumtambia mwenzako. Binti aliisoma habari hiyo kwenye simu akamwambia babu. Babu akauliza swali moja tu: "Sasa walibishana nini baada ya hapo?"

Swali la kizee, lakini limebeba kila kitu. Mpira wenyewe ni dakika 90. Kinachobaki wiki nzima ni ubishi. Ligi ilipofungwa, waliokosa sana mpira wenyewe labda ni wachezaji. Mashabiki walikosa sababu ya kupigiana simu.

Majirani nao walichagua njia zao. Kenya walimaliza ligi mezani mwishoni mwa Aprili, Gor Mahia wakapewa ubingwa. Uganda wakafuata Mei, Vipers wakapewa. Kwa Tanzania, Mei 21 Rais alitangaza kwamba michezo iruhusiwe kuanzia Juni 1. Mwanzoni ikasemwa mechi zote za Ligi Kuu zitachezwa kituo kimoja, Dar es Salaam. Baadaye mpango ukabadilika, kila timu ikacheza kwake. Kisondela hakuna aliyejua siku ile kwamba mabadiliko hayo madogo yangeleta mtihani ndani ya nyumba ya babu.

Juni 13 Yanga wakaanza kwa kuifunga Mwadui 1-0 kule Shinyanga. Babu aliwasha redio saa moja kabla, akaipangusa vumbi kwa kanga ya marehemu mkewe, akavaa na koti. Kesho yake Simba wakatoka sare ya 1-1 na Ruvu Shooting. "Mmerudi na kutu," babu akasema. Binti anakiri kwamba hakuwahi kufurahia kudharauliwa kama siku ile. Nyumba ilikuwa imepata sauti tena.

Ila furaha hiyo ilikuja na kitu kooni. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeacha kutolewa tangu mapema Mei, hesabu ikiwa imeishia 509 nchi nzima. Juni 8 Rais alikuwa amesema corona imeondoka. Wengi waliamini wakashukuru Mungu, wengine waliendelea kunawa kimyakimya. Binti alikuwa katikati. Barabarani aliwaona watu wako poa. Usiku alimsikia babu anakohoa, kikohozi chake cha miaka yote, na kila kikohozi alikuwa anakihesabu.

Sasa ratiba ikaja kumjaribu. Juni 28, Simba dhidi ya Tanzania Prisons, Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Na haikuwa mechi ya kawaida. Sare tu ingewatosha Simba kuwa mabingwa kwa mara ya tatu mfululizo. Mnyama anakuja kuchukua ubingwa Mbeya! Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya ni kilomita kama 70, Costa inakufikisha. Shabiki wa Rungwe anasubiri miaka mingapi kupata siku kama hiyo mlangoni kwake? Siku tatu kabla, Liverpool walikuwa wamepata ubingwa wa Uingereza waliousubiri miaka 30, na mashabiki wao hawakuruhusiwa uwanjani. Yeye anaruhusiwa, kwa masharti ya kunawa na kukaa mbalimbali. Marafiki zake wa Mwanjelwa wameshamwekea nafasi, jezi iko kwenye begi.

Aliwaza siku nne. Costa utabanwa, watu wanne kwenye siti ya watatu, hiyo haina mjadala. Uwanjani utakumbatiwa na mtu usiyemjua, maana ubingwa haushangiliwi kwa mita moja moja. Halafu jioni unarudi Kisondela, unakaa benchi lilelile, unampokea babu kikombe. Akipata kitu, nani atasema kilitoka wapi? Hakuna. Lakini wewe utajua.

Njia nyingine: aende, abaki Mbeya wiki mbili, ndiyo arudi. Lakini nani atampikia mzee, nani atamchotea maji? Akaghairi. Akawaambia marafiki ana malaria. Babu akamwambia hela imekata.

Basi Juni 28 wakakaa na redio. Mechi ikaisha 0-0. Ndiyo, ubingwa wenyewe ulikuja bila bao hata moja! Simu ikaanza kutetemeka, video juu ya video: washkaji wamejibana kwenye selfi moja, nyekundu tupu, mtu analia, mtu kamvaa mwenzake mabegani. Binti akatazama moja, ya pili hakuifungua. Babu akamtazama kidogo, akasema taratibu: "Hongereni. Ubingwa wa suluhu, lakini ubingwa." Halafu baada ya muda: "Mbona hukwenda?"

"Hela, babu."

"Hela ninayo. Ya chai imelala pale chini ya godoro. Ungesema."

Hapo ndipo ukweli ulipomtoka. Akamwambia kuhusu kifua, kuhusu Costa, kuhusu kikohozi anachokihesabu usiku. Babu akanyamaza mpaka redio ikamaliza taarifa ya habari. Alipofungua mdomo hakushukuru. Alikasirika, kwa upole wa wazee, ambao ni mbaya kuliko kelele.

Alichosema ni hiki. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walichukua ubingwa wa Tanzania, timu ya huku huku milimani, juu ya Simba na Yanga zote. Babu alikuwa kijana mwenye nguvu. Kuna mechi ya msimu ule alitakiwa kwenda akabaki nyumbani kwa sababu ya kazi ya shamba, akasema ataona mwakani. Tukuyu Stars hawakuwa mabingwa tena. Baadaye wakatoweka Ligi Kuu, na yeye akajikuta anashabikia timu ya Dar kama watu wengine wote. "Ninyi ligi yenu imefungwa siku 88 mnalia," akamwambia. "Yetu ilifungwa, na hakuna waziri aliyetangaza kuifungua. Mpira ukikuita karibu hivyo, unakwenda. Mimi ningeisikiliza na redio. Ungerudi ukanisimulia."

Binti akajibu, "Na kama nisingekukuta?"

Mzee hakuwa na jibu la hilo. Akasema tu, "Ndaga," asante, akaenda kulala mapema.

Hapa ndipo stori inapogawa watu. Wapo watakaosema binti alifanya la maana: mechi zitakuja nyingine, babu ni mmoja. Wapo watakaosema alimwamulia mzee bila kumuuliza, akamfanya mzigo kwenye furaha yake mwenyewe, na hakuna mzee anayependa kuwa mzigo. Yeye binti anasema pande zote mbili zina haki, na kwamba kosa halikuwa kubaki wala halingekuwa kwenda. Kilichomuuma ni uongo wa hela. Kama angemwambia babu ukweli mapema, wangeweza kupanga pamoja, labda jirani angekuja kumwangalia mzee wiki mbili, labda wangekubaliana abaki. Ingekuwa mechi yao wawili, hata kama hakuna aliyekwenda.

Na utamu wa mpira ni kwamba haukuachi na deni kwa muda mrefu. Julai 12, wiki mbili kamili baada ya Sokoine, Simba na Yanga wakakutana nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Kama angekwenda na kubaki Mbeya, ndiyo kwanza angekuwa anamaliza siku zake 14, na mechi hiyo angeisikilizia mbali na babu. Alikuwa benchini. Simba 4, Yanga 1. Lile bao moja la Machi, lililokaa mfukoni mwa mzee miezi minne na siku nne, likarudishwa na riba. Bao la nne lilipoingia babu akazima redio, akasema betri imekufa. Binti akainuka, akafungua kifuniko, akampa betri mpya alizokuwa amezinunua Tukuyu makusudi siku moja kabla.

Agosti, Morrison yuleyule wa faulo akahamia Simba. Babu alikataa kulizungumzia jambo hilo kwa wiki nzima, na safari hii kimya chake hakikumsumbua mtu, kila mmoja alijua kinatoka wapi.

Binti alirudi Mwanjelwa biashara ilipochangamka. Simu za jioni zimeendelea, ila mpangilio umebadilika kidogo. Sasa anaanza na kifua. "Kinaendeleaje, babu?" Mzee anajibu kweli, kizuri au kibaya, kwa sababu na yeye anajua akidanganya atadanganywa. Wakishamaliza hapo, ndipo mtu mmoja anauliza mlionaje walivyowapiga.

Ungekuwa wewe, jezi iko begini, Mnyama yuko Sokoine, na babu anakohoa chumba cha pili: ungepanda Costa?