Jino Lililonyamaza

Katika kazi yangu ya kutibu meno hapa Goma, neno ninalolisikia zaidi ni hili: "Dokta, ling'oe tu." Siwalaumu wanaolisema. Kung'oa huisha siku moja, lakini kutibu mizizi hudai safari mbili au tatu. Na tangu M23 walipoushika mji mwishoni mwa Januari 2025 na benki zikafungwa, fedha mkononi zimekuwa adimu.

Lakini gego la mtu mzima likitoka halioti tena. Ndani yake mna kiini chenye neva na mishipa ya damu, kinachoshuka hadi ncha za mizizi. Uozo ukikifikia, vijidudu hukiua, kisha huharibu mfupa ulio chini. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya waliolelewa pasipo kijidudu chochote, na viini vyao vikabaki hai. Vya panya wa kawaida vilikufa. Kazi yetu, basi, ni kuvitoa vijidudu na kuvifungia mlango.

Nikishatia ganzi, nalitenga jino kwa kitambaa cha mpira ili mate yasiingie. Naupima kila mfereji, naukwangua kwa vijisindano, nausuuza tena na tena kwa dawa ambayo, kwa asili yake, ni ndugu wa javeli ya kufulia. Gego la kwanza la juu hunichosha kuliko yote: mara nyingi lina mifereji minne, na wa nne hujificha. Ukiachwa, usafi wa ile mitatu waweza kuwa bure.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni maumivu kutulia mapema. Mama mmoja muuza sambaza alilala vizuri usiku ule ule wa safari ya kwanza, akajiona amepona. Jino lilikuwa limezibwa kwa dawa ya muda tu, ambayo haikawii kupitisha mate. Nikampigia simu.

"Mama, halijapona; limenyamaza tu."

"Mwanangu, nitalipa nini?"

Tukapatana alipe kidogo kidogo, kadiri samaki wanavyouzwa. Alirudi Jumatatu, nikaijaza mifereji na kuliziba jino kwa uthabiti. Baada ya mwaka mmoja tutapiga picha ya eksirei, tuone kama mfupa umejijenga.