Kobe wa Nchi ya Mchanga Mwekundu

Kobe wetu twamjua sote, na hadithi zake twawasimulia watoto jioni. Lakini yuko ndugu yake mdogo akaaye mbali sana, katika Kazakstani, Uzbekistani na Turkmenistani, hata Afuganistani na pande za Uajemi, na maisha yake yastahili kusimuliwa pia.

Msafiri atokaye mji wa Bukhara na kuelekea kaskazini huingia katika jangwa la Kizilkum, maana yake Mchanga Mwekundu. Wakati wa baridi maji huganda huko, na wakati wa kiangazi joto hupita digrii 40. Kati ya mateso hayo mawili iko masika fupi: mvua kidogo hunyesha, majani na maua mekundu huchipuka, na baada ya miezi mitatu hivi yote yamekauka kana kwamba hayakuwapo. Katika miezi hiyo ndipo kobe huyu hula, hutafuta mwenzi na hutaga mayai.

Basi, miezi mingine yuko wapi? Yuko chini ya ardhi. Miguu yake ya mbele ni mipana na yenye nguvu, kila mguu una kucha nne, nayo humfaa kama jembe. Huchimba shimo liwezalo kufika mita 2, mahali ambapo jua halimkaushi wala barafu haimfikii, akalala. Mara nyingi usingizi wa kiangazi huungana na ule wa baridi, hata akapitisha karibu miezi tisa ya mwaka gizani. Wako watu wangemwita mvivu. Mimi naona ni mwenye hesabu nzuri, maana chakula kisipokuwapo, kutembea ni hasara tupu.

Mayai hutagwa machache, mawili hata sita hivi, na vitoto vikitotolewa mwisho wa kiangazi, vingi havitoki. Hungoja humo udongoni mpaka masika ya pili. Hukua polepole mno, na jike hukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kutaga.

Mnyama huyu mnyenyekevu, ambaye hata mkubwa wake hazidi sentimita 25 hivi, amekwisha safari asiyoifanya mfalme yeyote. Mwezi Septemba 1968 kobe wawili wa jamii yake waliwekwa na Warusi katika chombo Zond 5, wakauzunguka mwezi kabla ya mwanadamu, kisha wakaanguka katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu. Walikuwa wamepungua sehemu moja ya kumi ya uzito wao, lakini walikuwa hai, tena wenye hamu ya kula.

Lakini kwa kobe wa jangwani adui ni jembe la trekta livunjalo mashimo, na mfanya biashara ajaye masika na magunia. Kwa miaka mingi makumi ya maelfu wameuzwa Ulaya na Marekani kuwa wanyama wa kufugwa nyumbani. Akichukuliwa jike mmoja mzima, pengo lake halizibwi kabla ya miaka 10. Naye huko ugenini mara nyingi hutiwa katika sanduku la kioo lenye mchanga kidogo tu, na humo, siku kwa siku, hukwaruza pembeni akitafuta pa kuchimba.